Saa Tisa, Saa ya Kongo

Ni mimi niliyeyafuta. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimesema kwamba utepe wa mashine ya kuandika ulikuwa umekauka. Nimesema pia kwamba unyevu wa Butembo uliharibu karatasi ya kaboni. Na mara moja, kwenye matanga ya jirani, nilipobanwa na wazee watatu wa mpira kati ya sahani ya wali na chupa ya soda, nilisema huenda ni panya. Hakuna panya anayekula maneno matatu katikati ya barua na kuweka nukta mahali pake. Ni mimi. Maneno yenyewe yalikuwa "saa ya Kongo", na nusura yamnyime baba yangu kombe pekee alilowahi kulikaribia maishani mwake.

Baba bado yu hai, bado anasoma kila kitu akiwa na kalamu nyekundu mkononi, na najua kurasa hizi zitamfikia. Basi nitajaribu kupanga mambo kwa utaratibu, ili angalau asinikate alama za mpangilio.

Miaka ile ya vita tulikuwa kisiwa. Kusini, barabara ilikufa Kanyabayonga, kwa sababu mbele ya hapo walikuwepo waasi wengine, waliogombana na waasi wetu. Magharibi kulikuwa na msitu, na nyuma ya msitu Kinshasa, ambako habari zake tulizisikia redioni tu, kama mtu anavyosikia habari za shemeji aliyehamia Ulaya. Kaskazini kulikuwa na vita vingine ambavyo hatukuwa na nafasi ya kuvifuatilia. Mashariki palibaki mpaka wa Uganda, na huo ndio ulikuwa bandari yetu. Katikati tulikuwa sisi: Butembo na Beni, vilima, maharagwe, kahawa, maduka ya jumla, na barabara moja ya udongo mwekundu. Ligi ya taifa haikutufikia tena. Timu zetu zilifanya mazoezi kila jioni kwa bidii ya ajabu, bila mtu wa kucheza naye.

Aliyetutoa hapo alikuwa mfanyabiashara wa jumla wa Butembo, muuzaji wa mabeseni na vitenge, ambaye mji mzima ulimwita Patron. Alikuwa amekwama wiki tatu katika nchi moja ndogo ya visiwa huko baharini, akingoja shehena yake, na kwa kukosa la kufanya akawa anakwenda uwanjani. Aliporudi aliita mkutano kwenye ukumbi wa parokia.

"Nimeona na macho yangu," alisema. "Ile inchi muzima, unaizunguka na gari asubui, midi, saa sita, unakuya kula kwako. Club kumi tu! Katikati ya uwanja iko mbuzi. Lakini redio yabo inasema: Division One! Mutu anavaa kravati ju ya kusoma matokeo! Siye tuko wengi kuliko bale. Kwa nini siye hatuna Division One?"

"Patron," mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, "bale bako inchi. Bako na bahari. Siye tuko na nini?"

"Siye pia tuko kisiwa. Inakosa tu maji. Maji tutaagiza Dubai."

Ligi yetu kuu ilizaliwa siku hiyo, ikiwa na vilabu saba: vinne vya Butembo, viwili vya Beni, na kimoja cha Kipese, ambacho wachezaji wake walishuka kutoka milimani juu ya magunia ya viazi na kurudi juu ya magunia matupu. Nilichaguliwa kuwa katibu kwa sababu mbili. Nilikuwa na mashine ya kuandika, kitu pekee nilichorudi nacho kutoka chuo kikuu zaidi ya digrii ya historia. Na nilikuwa mwanamke, kwa hiyo, Patron alieleza mbele ya wote, siwezi kuwa na timu.

Alisahau kwamba nilikuwa na baba.

Baba alikuwa amestaafu ukurugenzi wa shule ya msingi, lakini hakuna aliyeacha kumwita Directeur. Alikuwa kocha wa timu ya mtaa wetu kwa muda mrefu kuliko umri wangu, na katika muda huo wote hakuwahi kushinda chochote isipokuwa, mara moja, mbuzi, ambaye aliugua njiani. Kipa wake alikuwa mseminari aliyeacha masomo. Nahodha alikuwa mchinjaji wa soko kuu, mtu mpana, mwenye kichwa ambacho mabeki waliogopa kukigusa. Mawinga wake wawili walikuwa mafundi baiskeli waliokuwa hawasemezani. Baba aliwafundisha kwa ubao na chaki uani kwetu, chini ya nguo zilizoanikwa. Wachezaji walimwogopa kwa sababu karibu wote walikuwa wamesoma kwake, na kila mmoja alikumbuka lango. Shuleni kwa baba, saa moja na nusu kamili lango lilifungwa, na aliyelifunga alikuwa yeye mwenyewe. Mvua, msiba, mto kujaa, hakusikiliza. Mimi, mtoto wake wa kuzaa, niliwahi kubaki nje mara mbili nikimtazama kupitia vyuma, naye akanitazama kana kwamba tulikuwa bado hatujajuana.

Sasa nieleze habari ya saa, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka. Sisi wa Butembo tulifuata saa ya Kongo. Uganda, mwendo wa mchana mmoja kwa lori, saa iko mbele kwa saa moja. Beni ilikuwa katikati ya mambo hayo. Wasafirishaji wa Beni, wengi wao Waislamu wa familia za zamani za biashara, walifunga saa za mkononi kwa kufuata kizuizi cha mpakani, kwa sababu kizuizi kikifungwa, lori lako linalala huko huko na nyanya zinaoza. Wanajeshi wa nchi jirani waliokuwa wamejaa mjini nao walikuwa na saa ya kwao. Basi Beni ilikuwa na saa mbili. Muuza mikate alikuwa na ya Kongo, muuza petroli alikuwa na ya Kampala, na watu wa Beni waliishi hivyo bila shida kama mtu mwenye wake wawili waliozoeana. Ligi ililijua jambo hili. Kila barua ya mechi niliyoituma Beni msimu ule ilisema: saa tisa, saa ya Kongo.

Na ule ulikuwa msimu! Ligi ilikuwa na mipira miwili tu ya ngozi, iliyofika ndani ya kontena la mabeseni, na wa kwanza uliingia kambi ya jeshi katika wiki ya tatu ukakaa huko huko. Mwingine ulisafiri kwa lori kutoka uwanja hadi uwanja ukiwa umebebwa mapajani kama mtoto mchanga. Redio ya mji ilisoma msimamo wa ligi kila Jumatatu baada ya matangazo ya vifo, na nimewaona watu wakilia na kunyamaza ndani ya dakika hiyo hiyo. Timu ya baba ilipoteza mechi ya kwanza, halafu ikaacha kupoteza. Iliwafunga Kipese manne katika mvua ya mawe. Iliwafunga majirani zetu wa bondeni, waliotucheka tangu nikiwa mdogo, kwa bao la kichwa cha mchinjaji dakika ya mwisho, na mama mmoja muuza makaa akamvua yule mchinjaji kiatu uwanjani na kukimbia nacho mtaani akikionyesha nyumba kwa nyumba. Wale mafundi baiskeli wawili walianza kusemezana, kwanza kwa matusi, lakini walisemezana. Nikawa nasikia baba akiimba asubuhi anaponyoa ndevu. Sikuwa najua kama anaweza kuimba. Hawezi.

Mwisho ikabaki mechi moja: sisi na klabu kubwa ya Beni, huko Beni. Walikuwa mbele yetu kwa pointi moja. Wao sare iliwatosha. Sisi tulitakiwa kushinda.

Patron aliniandikia rasimu ya barua kwa mkono, kama kawaida, nami nikakaa kuichapa. Hapo ndipo digrii yangu iliponipanda kichwani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Asubuhi ile nilikuwa nimesimamishwa na askari wa kigeni aliyeniuliza, katika mji niliozaliwa, ninakwenda wapi. Nikafika kwenye maneno "saa ya Kongo" nikasimamisha vidole. Nani katika nchi yake mwenyewe, nilijiuliza, anaandika kwamba saa ni ya nchi yake? Tuseme pia mvua ya Kongo? Tuseme jua la Kongo? Nilichukua kalamu nikapiga mstari juu ya maneno yale kwenye rasimu. Nilijisikia kama mtu aliyeukomboa mji. Nikachapa: "Mechi itaanza saa tisa." Nukta.

Jumapili ile tulishuka Beni kwa lori, timu na mashabiki, tukiimba tangu milima ya Kabasha hadi joto lilipoanza. Tulifika uwanjani saa nane na nusu, nusu saa kabla ya mechi, na baba alikuwa akitabasamu kwa sababu ya hiyo nusu saa. Lakini watu walikuwa wanatoka. Ngoma zilikuwa zinapigwa, na watoto walikuwa wamepanda juu ya goli. Kwenye lango kulikuwa na mama aliyekuwa akiuza karanga. Nahodha wetu alimwinamia kutoka juu ya lori.

"Mama, kuko nini pale?"

"Ni fête. Tumepata kombe."

"Kombe gani? Siye tuko Butembo! Tumekuya kucheza!"

"Kucheza nini, kaka? Mupira ilisha isha."

"Nani alicheza?"

"Hakuna."

"Na nani alishinda?"

"Siye," alisema mama yule kwa upole, akimwongezea karanga kidogo.

Mwamuzi alikuja kutueleza. Alikuwa mtu wa Beni, mtaratibu, na saa yake ilikuwa ya mpakani. Aliingia uwanjani saa tisa. Alingoja dakika kumi na tano za kanuni, akaziongeza tano kwa heshima ya Directeur, kisha akapuliza filimbi. Beni walikuwa na ushindi wa mezani, forfait, bao tatu kwa bila, na kombe.

"Iko saa nane na nusu!" mchinjaji alipiga kelele. "Mutu anachelewa namna gani mbele ya saa?"

"Kwa saa gani?" mwamuzi akauliza.

"Ya Kongo!"

"Barua inasema?"

Wote wakanigeukia. Nilitoa barua kwenye mkoba. Baba aliisoma. Aliigeuza akatazama nyuma, ambako hapakuwa na kitu, kisha akaisoma tena mbele.

"Barua haisemi," alisema. Akanitazama. "Secrétaire, ulisahau?"

Hakuniita binti yangu. Kulikuwa na watu labda mia tano, na mchinjaji alikuwa ameshika visu viwili vya macho akinilenga navyo.

"Ni utepe," nilisema. "Umekauka."

Ndivyo nilivyoanza kukana, na tangu hapo nimekuwa nikikana kwa uaminifu.

Patron alikuwa tayari kukata rufaa jioni hiyo hiyo. Kanuni ilimruhusu, ila ilitaka sahihi ya kocha. Baba alikataa.

"Miaka mingi nimewafungia watoto wa watu lango," alisema, juu ya lori, tukipanda kurudi kwenye ukungu wetu. "Kila mmoja alikuwa na sababu. Mmoja aliniambia saa ya baba yake ilisimama. Nilimwambia, mwambie baba yako anunue nyingine. Leo niende kuwaambia watu saa yangu na yao hazipatani? Hapana. Tumechelewa."

"Directeur, hatukuchelewa!" mchinjaji alisema, karibu kulia.

"Kaa chini. Utaanguka."

Wiki ile haikuwa na muziki nyumbani. Baba aliupangusa ubao, akauingiza ndani, akaugeuza uso ukutani. Alinyoa bila kuimba, na nikagundua kwamba nilikuwa nimeuzoea uimbaji ule mbaya. Jumanne mama aliniita jikoni. Mama ni mtu wa Kipese, wa maneno machache, na alikuwa anakata vitunguu-majani kwa ajili ya soko. Alichomoa karatasi chini ya kapu akaniwekea mbele. Ilikuwa nakala ya kaboni ya barua, ambayo nilidhani nimeificha vizuri katikati ya kitabu cha sala. Kila herufi ilionekana wazi, nyeusi kama masizi.

"Huu utepe wako," alisema, "unachagua sana."

Alinipa fungu la vitunguu na jina la dereva aliyekuwa akiondoka asubuhi kwenda Beni.

Basi Jumatano nilikwenda Beni, nikiwa nimekaa juu ya kabichi, kuungama. Nilikuwa nimepanga kila neno. Kwenye kizuizi askari alinipigia ukelele kwa Kilingala cha kambini: "Mama, ozokende wapi?" Nikamjibu kwamba ninakwenda kwa mambo ya ligi. Akacheka mpaka bunduki ikatikisika.

"Aa, ndembo, mupira! Njo weye wa Butembo? Bale banakuyaka mapema na wanashindwa?" Akainua kamba. "Pita, mama. Pita tu. Pole sana."

Katika miaka yote ya vita ile sikuwahi kupita kizuizi bure isipokuwa siku hiyo. Kudharauliwa kuna faida zake.

Rais wa klabu ya Beni alikuwa msafirishaji mwenye malori, mzee mwenye kofia nyeupe ambaye wote walimwita Hadji. Nilimkuta uani kwake akimfokea mtu aliyekuwa chini ya lori. Aliniletea kiti, akaniletea chai ya tangawizi, akauliza habari za Directeur, za mama, za barabara, za kabichi. Halafu, kabla sijafungua mdomo, akafungua wa kwake.

"Mwanangu, tangu ile siku sinunue nyama na amani. Muchinjaji wa hapa, mutu wangu, ananiuliza: Hadji, nikupimie kilo ngapi ya saa? Bachezaji bangu habapite sokoni. Bamama banabaita mabingwa ba saa. Banauliza: bao ya kwanza alifunga nani, sekunde ao dakika?"

Yule mtu aliyekuwa chini ya lori alitoa kichwa. Alikuwa nahodha wao. "Hata bibi yangu," alisema. "Kila akiniwekea chakula ananiambia, kula mbio, usipate forfait."

"Sasa kwa nini musiombe mechi irudiwe?" niliuliza.

Hadji aliweka kikombe chini. "Siye tuombe? Mutu amepewa kombe na arbitre, aseme hapana, ninyanganye? Batu batasema tunaogopa hesabu ya Mungu. Nilikuwa nangoja Directeur akate rufaa. Ningekubali siku ile ile! Lakini Directeur amenyamaza. Kwa nini Directeur amenyamaza?"

Nilimweleza habari ya lango. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa heshima kubwa, kama mtu anayesikia kuhusu ugonjwa alio nao yeye pia.

"Na barua," aliuliza, "nani aliandika?"

Hapo ndipo maungamo yangu yalipotakiwa kutoka. Nilikuwa nimeyabeba kutoka Butembo juu ya kabichi.

"Ni utepe, Hadji."

Nahodha alirudisha kichwa chini ya lori.

"Basi," alisema Hadji, "leo tuandike bila utepe."

Akatoa kalamu mfukoni na karatasi ya shehena iliyokuwa tupu upande mmoja, akaiweka juu ya tairi la akiba, na nikaandika kwa mkono huku yeye akinitajia maneno. Klabu ya Beni inaiomba klabu ya Butembo, kwa heshima, irudie mechi. Uwanja ule ule. Jumapili. Saa tisa. Nilisita. Nikaandika: saa ya Kongo.

"Kubwa zaidi," alisema Hadji. "Andika hata kipofu asome. Na umwambie Directeur: siye njo tunaomba. Yeye haombe kitu. Mimi mwenyewe nitarudisha saa yangu nyuma. Siku moja tu. Jumatatu niko na camion mpakani."

Baba aliisoma barua ile uani, amesimama. Alisahihisha herufi moja kwa kalamu nyekundu. Kisha akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, akasema, bila kumtazama yeyote: "Kama wao ndio wanaoomba, kukataa ni kukosa adabu." Akaingia ndani, na tukasikia ubao ukiburutwa sakafuni.

Sikwenda kwenye mechi ile. Baba aliamua kwamba katibu wa ligi abaki Butembo kupokea matokeo rasmi, na sikuwa katika hali ya kubishana naye juu ya kazi za katibu. Patron alikuwa na simu ya satelaiti, kitu kizito kama tofali, ambacho kilitaka kuona mbingu ndipo kifanye kazi. Hadji alikuwa na nyingine kule Beni. Jumapili ile, baada ya saa nane, mtaa mzima ulikuja kwenye ua wa depo la Patron. Simu iliwekwa juu ya marobota ya vitenge katikati ya ua, antena yake imeelekezwa kwenye kipande cha buluu kati ya mawingu, na watu wakakaa kuizunguka kama wanamlinda mgonjwa. Wengine walikaa juu ya mabeseni yaliyopinduliwa. Mama alileta kazi yake, beseni la maharagwe ya kumenya, akakaa karibu nami.

Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Kijana wa pikipiki akaja na habari kwamba tumefungwa, akafukuzwa. Mwingine akaja na habari kwamba tumeshinda matano. Naye akafukuzwa, kwa upole zaidi. Saa kumi na moja ilipokaribia, wingu lilikuja likaziba kipande chetu cha mbingu, na Patron akalitazama wingu lile kwa jicho analowatazamia nalo wadaiwa. Nilikuwa nimeahidi, kimoyomoyo, kwamba tukishindwa kwa haki nitamwambia baba kila kitu jioni hiyo hiyo, na tukishinda pia nitamwambia. Nimeshasema mimi ni mtu wa namna gani.

Wingu likasogea. Simu ikalia.

Patron aliidaka kwa mikono miwili. "Allô? Allô! Directeur? Sema! Sema matokeo!" Akasikiliza. Uso wake ukakunjamana. "Hapana, Directeur, niambie tu mimi! Betri inaisha!" Akasikiliza tena, kisha akaninyoshea simu kwa kukata tamaa. "Anasema ni kazi ya Secrétaire."

Nikaiweka sikioni. Baba hakuwa amewahi kushika simu maishani mwake. Alikuwa akipiga kelele kana kwamba ananiita kutoka Beni kwa mdomo tu.

"Uko na kalamu?"

"Ninayo, Baba. Nani ameshinda?"

"Andika. Waliokuwepo: wachezaji kumi na mmoja na wa akiba watatu. Mwamuzi ni yule yule. Kipindi cha kwanza, dakika ya ishirini, Beni wanafunga."

"Beni wamefunga," nilisema, na ua mzima ukaguna kwa sauti moja.

"Kwa shuti la mbali. Kipa hakuona. Jua. Umeandika jua?"

"Nimeandika, Baba."

"Kipindi cha pili. Kona. Mchinjaji, kwa kichwa. Moja kwa moja."

Niliinua kidole kimoja kila mkono. Watu walisimama juu ya mabeseni, na moja likapasuka, na mtu akacheka kisha akazibwa mdomo. Sare iliwatosha Beni. Kila mtu pale alijua sare iliwatosha Beni.

"Halafu?" nilisema. "Baba, halafu?"

Hakuna kitu. Sauti ya upepo tu, na mbali sana watu wengi wakipiga kelele, sikuweza kujua ni za furaha ya nani.

"Baba! Uko wapi?"

"Niko hapa," alisema, na sauti yake haikuwa ya ukurugenzi tena. "Nilikuwa napangusa miwani." Nyuma yake nilimsikia Hadji: "Directeur, mwambie mutoto, ile ni simu, si darasa!"

"Mbili kwa moja," baba alisema. "Andika."

"Nani mbili, Baba? Nani?"

"Sisi. Nani mwingine? Sisi!"

Sijui nilisema nini. Sikuhitaji kusema kitu, walisoma usoni mwangu. Mama alikuwa wa kwanza: alirusha beseni zima la maharagwe juu, na maharagwe yakatunyeshea, na vigelegele vikaanza depo vikatoka barabarani vikapanda kilima. Patron alikuwa anacheza na robota la kitenge begani. Baba aliendelea kuzungumza masikioni mwangu, kwa utaratibu, akinieleza bao la pili tangu mpira ulipotoka kwa kipa, nani alimpa nani, wale mafundi baiskeli wawili walivyopasiana, mguu gani, kona gani ya goli, mpaka simu ikakatika, na katika yote hayo sikusikia hata neno moja.